Nilivyojifunza Kuwa Mzito

Kama unasoma haya ukiwa umeshika karatasi kwa mkono mmoja kwa sababu ule mwingine hautaki, basi ni wewe ninayekuandikia. Wengine wakisoma pia sawa, lakini watanivumilia nikikaa sana kwenye mambo ya vifungo, mate na kopo la mkojo. Madaktari walisema ni kiharusi na kwamba kilianzia kichwani. Mimi nilikijua kwenye vifungo vya shati nisivyoweza kuvifunga.

Kilinikuta juu ya jukwaa la miti huko Riruta Satellite, mwaka ule wa njaa tuliokula ugali wa unga wa njano. Nilikuwa napiga plasta ukuta wa duka. Mwiko ukaanguka. Nikautazama pale chini, nikajiuliza ni nani ameuangusha. Nikataka kumwambia mwenzangu anirushie, na kilichotoka mdomoni hakikuwa neno.

"Huyu ameamka nayo," mwenzangu akasema, na wengine wakacheka. "Wanjala, leo ulipitia chang'aa kwa mama pima?"

Walinishusha, wakanilaza kwenye mkokoteni, wakanisukuma hadi Kongo, pale Kawangware nilipokuwa nikipanga. Ilikuwa asubuhi, njia imejaa watu. Mguu wangu mmoja ulining'inia nje ukikwaruza vumbi. Mama mmoja aliyekuwa akikata sukuma wiki aliinua kisu akanionyesha nacho. "Jua hata halijapanda, mtu amelewa hivi. Na ni baba ya watu." Nilisikia kila neno, na sikuweza hata kufunga mdomo. Ukiniuliza ni nini kiliniuma zaidi mwaka ule, sitakutajia kichwa.

Nilitoka hospitalini mkono wa kulia umekunjika kifuani kama wa mtu anayeficha kitu chini ya koti, mguu umekakamaa kama mpini wa jembe, na mdomo unavuja upande mmoja. Nilimwambia mke wangu, Mama Nafula, kwamba siwezi kurudi Kongo. Alikuwa akiuza mitumba kwenye soko la Toi, kwa hiyo tukapata chumba cha udongo na mabati Kibera, karibu na kibanda chake. Sababu tuliyowapa watu ni kibanda. Lakini mimi nimekuwa mtu wa kuhama tangu nilipomaliza kidato cha nne: Kitale, Jinja, Mwanza, Mbeya, Mombasa. Kila nilipochoka mahali, au nilipoonekana vibaya, nilifunga sanduku. Safari hii nilibebwa pamoja na sanduku lenyewe.

Kliniki ya mazoezi ilikuwa Jumanne. Benchi zake zilikuwa zimelainika kwa kukaliwa. Tuliokaa pale hatukupeana mikono, maana kila mmoja alikuwa ameuficha wake, huyu chini ya gazeti, yule chini ya kofia iliyowekwa mapajani. Mama mmoja aliufunika wake kwa leso kama mtoto aliyelala. Muuguzi alipoita jina, mwenye jina alitazama kwanza kama wengine wanamwangalia, ndipo aanze kuinuka.

Dada wa mazoezi alinipa mpira mdogo. "Finya, acha. Finya, acha. Kidogo kidogo tu, mzee." Mimi nilisikia finya peke yake. Nilifinya kitandani, nilifinya nikila, nilifinya nimeuma meno, kwa sababu nimezoea kwamba kisichotaka kwenda kinasukumwa. Baridi ya Julai ilipokwisha, vidole vilikuwa vimefunga juu ya ule mpira na havifunguki. Mama Nafula alivibandua kimoja kimoja huku akisema, "Pole, pole," na sijui alikuwa akiniambia mimi au vidole.

Yeye hangeweza kukaa nyumbani. Kibanda kikifungwa, hatuli. Siku moja akaniambia amemtumia mama yake ujumbe aje kunitunza.

"Mama yako? Humu ndani?"

"Unataka nimlete nani, Baba Nafula? Una dada umemficha mahali?"

"Afadhali nikae peke yangu."

"Ukae peke yako na kopo limejaa?"

Lazima nieleze. Kwetu sisi Wabukusu wa Bungoma, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawalali chini ya paa moja, na wakikutana njiani mmoja anageukia kichakani. Huko ndiko kuheshimiana. Miaka yote ya ndoa yangu nilikuwa nimeijua sauti yake na mgongo wake tu, na nilijivunia. Katika mambo machache niliyoyafanya sawasawa maishani, hilo lilikuwa mojawapo. Sasa alikuwa anakuja kumtunza mtu anayevuja mate.

Alifika Oktoba, mijakaranda ilipokuwa imechanua kando ya barabara ya hospitali. Alilala kwa jirani yetu Mama Akinyi, Mjaluo aliyeuza omena, wale dagaa wa ziwani, na aliyecheka kabla hujamaliza kusema. Mchana alikaa nje ya mlango wetu, amenipa mgongo, jiko mbele yake. Hakusema na mimi. Alisema na vyombo.

"Wewe jiko," aliita, "mwambie mwenye nyumba uji umeiva. Nauacha mlangoni, naenda kuteka maji."

"Na jiko likikataa kumwambia?" Mama Akinyi aliuliza.

"Atalala njaa, na jiko litajibu kwa Mungu."

"Nyinyi Wabukusu mna mambo. Sisi pia tunaogopa mkwe, lakini hatujafika kwa jiko."

Kopo alinimwagia mke wangu alfajiri na jioni. Katikati, sikutaka lijae hata kidogo, kwa hofu kwamba mama mkwe atalisikia, au atalinusa, au, Mungu apishe mbali, atalibeba. Kwa hiyo niliacha kunywa. Uji niliuonja tu. Midomo ilipasuka, kichwa kilizunguka, na mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi. Ndugu yangu, usifanye hivyo. Nakuambia kwa sababu najua umeshawaza.

Jioni moja niliwasikia wakizungumza nje. Kuta za Kibera hazifichi kitu.

"Mvua ya Machi ikikaribia lazima nirudi nikapande," mama mkwe alisema.

"Na yeye, Mama?"

"Kama atakuwa anaweza kwenda choo mwenyewe, abaki na wewe. Kama hawezi, nitaondoka naye nimpeleke kwa ndugu yake. Wewe huwezi kuacha kibanda."

Mke wangu akaanza kukusanya vyombo. Alijua maana yake. Kule Bungoma, kwa ndugu yangu, sikuwa nimejenga hata kibanda cha nyasi. Mtu aliyezunguka nchi tatu, aliyepita miaka arobaini, ashushwe kutoka juu ya basi kama mzigo, na anayemshusha awe mama mkwe wake. Nilijua nina muda mpaka mvua ya Machi tu, niwe nimeweza kufika chooni mwenyewe.

Katika mvua fupi za Novemba, nikiwa nimelala natazama mabati, ndipo nilipomkumbuka Lin.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilifanya kazi ya stoo kwenye reli waliyokuwa wakiijenga Wachina kusini mwa Tanzania, kule juu kwenye baridi ya Makambako. Sijapata kuwa na furaha kama ile, sijui kwa nini; labda kwa sababu kila wiki kambi ilisogea mbele. Lin alikuwa fundi wa madaraja, mtu mnene mwenye sweta la buluu. Kila asubuhi, kabla ya kengele, alisimama kwenye udongo uliosawazishwa na kuanza kuhama taratibu kutoka mguu mmoja hadi mwingine, mikono ikipanda na kushuka kama iko ndani ya maji. Aliuita mchezo wake taichi. Sisi tulisema anachunga kuku wasioonekana.

Nilipomwomba anifundishe, nusu kwa utani, aliniwekea kidole begani. "Hapa, vita," alisema. Sikuwa nimejua bega langu limepanda. Akalibonyeza mpaka likashuka, akasogea kwenye kiwiko, kwenye kiuno, kwenye goti. Kiswahili chake kilikuwa kidogo lakini kilitosha. "Bega lala. Mkono lala. Wewe hapana lala." Nikacheka. Akarudia kwa upole, kana kwamba mimi ndiye nisiyejua Kiswahili. Uzito wote kwanza uende mguu huu, ule mwingine ubaki mtupu. Halafu uhamie kule. Kichwa kana kwamba kimeshikwa na uzi kutoka juu. Pumzi iteremke chini ya kitovu. Na nguvu usiitumie. Hilo la mwisho lilinishinda. Baada ya majuma machache nikaacha, halafu nikaacha na kazi, nikaenda Mbeya.

Sasa nilishika ubao wa kitanda, nikasimama, nikajaribu. Nikaliambia bega lilale. Likalala, na mimi nikalala pamoja nalo, nikaanguka juu ya godoro kama nguo iliyotoka kwenye kamba. Nilijaribu tena nikiwa macho zaidi, na bega likapanda mpaka sikioni. Hivyo ndivyo ilivyokwenda kwa muda mrefu. Ama nilikuwa gogo, ama nilikuwa kitambaa.

Siku ya jua nilijaribu nje, mbele ya mlango, mama mkwe alipokuwa ameenda kuteka maji. Vijana wa ploti, waliopanga vyumba vya ua mmoja na sisi, wakaniona.

"Niaje, buda! Cheki, buda ni wa kareti!"

"Hiyo si kareti, betri zimekwisha."

"Buda, tuonyeshe teke moja tu!"

Hawakuwa wabaya. Walikuwa wametoka kuona filamu za ngumi, na kila aliyeinua mkono polepole walidhani atafuatisha na teke. Lakini mate yalikuwa yameshuka mpaka kidevuni, na mkono wangu mzima ndio ulionishikilia ukutani, kwa hiyo sikuwa na wa kupangusa. Nikaingia ndani, nikafunga mlango, na tangu hapo nilifanya kati ya kitanda na sufuria.

Mama mkwe hakuniona nikifanya, lakini alisikia. Alikuwa akichambua maharagwe amenipa mgongo, na nyayo zangu zilikuwa nyuma yake, upande mmoja tap, upande mwingine shwaaa.

"Wewe mlango," alisema siku moja, "mwambie mwenye nyumba ameacha kupumua."

Alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nimebana pumzi tangu nilipoinuka. Lakini kujua kwamba anasikia mpaka pumzi zangu kulinifanya nizibane zaidi. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa shida yangu. Bega lilikuwa likishuka vizuri mpaka nikumbuke kwamba yuko pale mlangoni. Nikikumbuka, linapanda lenyewe. Hata mkono uliokunjwa na ugonjwa ulikuwa ukikunjwa zaidi na mimi.

Januari, katika joto, dada wa mazoezi aliushika mkono wangu akaunyoosha kidogo. "Umelainika. Umefanya nini?" Nikamweleza habari za Lin, nikitazama sakafu. Hakucheka. "Endelea," alisema. "Na mpira pia usiuache. Lakini ufinye kama unafinya kifaranga." Nilirudi kwenye benchi nikiwa na furaha ambayo sikuwa na wa kumwonyesha.

Mguu ndio uliokataa. Februari ilikuwa inaisha, vumbi limejaa kila mahali, na upande wa magharibi jioni mawingu yalianza kukusanyika. Mama Nafula alikuwa akiniogesha Jumapili, chumbani, kwenye beseni. Mchana mmoja nikaamua nitakwenda bafuni mwenyewe. Nikiweza bafuni, nitaweza chooni. Nililiambia jiko, kwa sauti, kwamba mwenye nyumba anaomba maji ya uvuguvugu yawekwe bafuni. Mama mkwe akayapeleka, akarudi akakaa, akageuza mgongo.

Bafu letu lilikuwa mabati matatu na pazia la gunia nyuma ya ploti. Nilifika. Nilivua nguo. Hayo mawili tu yalinichosha kama kazi ya siku nzima. Kisha mguu ukakanyaga jiwe lenye sabuni, nikaenda chini katikati ya beseni na bati, mkono mbovu umelaliwa na mwili, uchi kama nilivyozaliwa.

Nilijaribu kuinuka kwa nguvu. Kila nilivyojaribu, mguu ulijinyoosha wenyewe ukapiga bati, na bati likalia ploti nzima. Nyayo zikaja zikasimama nje ya pazia.

"Wewe bafu," sauti ikasema, "muulize mwenye nyumba..." Kisha ikapaa: "Mama Akinyi! Mama Akinyi!"

Mama Akinyi alikuwa sokoni. Ploti nzima ilikuwa kazini.

"Wanjala."

Hakuwahi kulitaja jina langu nikisikia.

"Mama, usiingie."

"Umeumia?"

"Usiingie, Mama. Nitaamka mwenyewe."

"Utaamka lini?"

Nikapiga bati tena kwa mguu, bila kutaka.

"Fumba macho yako," akasema. "Na mimi nimefumba yangu. Nakuja."

Nikafumba. Nilisikia pazia, kisha viganja vikipapasa bati, kisha mguu ukigonga beseni. "Na hili nalo limekaa wapi!" Mikono ikanipata kichwani, ikashuka hadi kwapani. Ilikuwa mikono migumu yenye harufu ya kitunguu na moshi. Akavuta. Mimi nikakaza kila kitu nilichokuwa nacho ili nimpunguzie kazi, na mguu ukachomoka tena mbele, nusura tuanguke wote.

"Unashindana na mimi."

"Nakusaidia, Mama."

"Usinisaidie. Nimebeba magunia ya mahindi maisha yangu yote, na hakuna hata moja lililonisaidia. Wewe kuwa mzito tu."

Nilianza kulia. Nilikuwa uchi mikononi mwa mama mkwe wangu, nalia, navuja, na hakukuwa na kitu kingine kilichobaki cha kuficha. Na katika kulia kule bega likashuka. Sikulishusha mimi. Kiwiko kikafuata, mgongo ukafuata, na uzito wangu wote ukateremka kama mchanga unaomiminwa, ukapita nyongani, ukapita gotini, ukafika kwenye kisigino. Nikakisikia kisigino changu. Kilikuwa juu ya jiwe la baridi. Sikuwa nimekisikia tangu kule jukwaani. Bega lilikuwa limelala, na mimi nilikuwa macho kuliko nilivyopata kuwa.

"Hivyo," akasema mama mkwe, na nikajikuta nimesimama.

Alifungua leso yake ya juu akanitupia, akatoka akipapasa, akagonga mti wa pazia. Kutoka nje alisema, "Sijaona kitu." Akapiga hatua mbili. "Na hata ningeona, nimezaa tisa."

Ningependa kukuambia kwamba aibu iliisha siku ile. Haikuisha. Nilikaa wiki nzima siwezi kula vizuri nikiikumbuka ile mikono. Mama Nafula alipoambiwa aliweka mzigo wake wa nguo chini, akauliza, "Amekushika? Uchi?" akacheka mpaka akakaa kitandani, kisha kicheko kikageuka akalia kweli. "Watasema nimemfanya mama yangu yaya wa mume wangu. Aibu hii si yako peke yako, Baba Nafula. Wewe unajifikiria wewe tu." Alikuwa na haki. Sikuwa nimewahi kufikiria kwamba na yeye ana bega linalopanda. Alimnunulia mama yake blanketi, kwa sababu kwetu jambo kama lile haliachwi hivi hivi, na mengine yatamalizwa nyumbani kwa kuchinja kondoo. Mpaka blanketi lilipotolewa, mama mkwe hakugusa chakula cha jiko letu. Nilimsikia kwa Mama Akinyi akila omena.

Lakini kisigino sikukipoteza tena. Kila asubuhi nilisimama, nikakitafuta, nikakipata. Nilihamisha uzito kwenda mguu mzima, nikauacha mbovu uwe mtupu, kisha nikaurudisha polepole na kuusubiri ufike. Mkono sikuushughulikia. Ulipoona hautafutwi, ulianza kushuka kutoka kifuani wenyewe. Nilianza tena kunywa maji. Na kama utauliza nakushauri nini, wewe wa benchi, ni hilo tu: kabla hujaanza kuunyoosha mkono, tazama ni nani unayemficha, na jinsi kumficha kunavyokukaza. Huenda usiweze kuacha kumficha. Mimi sijaweza kabisa. Lakini ukijua mahali unapokaza, utajua pa kulegeza.

Mvua ilianza usiku wa kuamkia Jumamosi. Asubuhi ploti ilikuwa tope tupu. Mama Nafula alikuwa akifunga mizigo ya mama yake kwa Mama Akinyi, na mimi, bila kumpa mtu habari, nilichukua kipande cha gazeti na fimbo nikatoka. Choo kilikuwa nyuma ya ploti na foleni ilikuwa imefika kwenye mfereji. Nikasimama mwisho. Mvua ilininyeshea na mate yakanishuka, na kwa kuwa uso wote ulikuwa umelowa sikuhangaika.

Ndipo nilipomwona mama mkwe akija na njia ile ile, blanketi kichwani, kikapu mkononi, mke wangu nyuma yake. Ningeweza kumtazama. Baada ya yale ya bafuni, ni nani angenilaumu? Na nilikuwa na neno la kumwambia, ambalo mpaka leo sijapata chombo cha kumpelekea. Badala yake nilihamisha uzito kwenda mguu wa kushoto, nikauacha wa kulia mtupu, nikageuka juu ya tope, taratibu, mpaka nikaelekea ukuta wa mabati, kama anavyofanya mkwe yeyote mwenye adabu. Nilisikia hatua zake zikipunguza mwendo nyuma yangu, kisha zikapita upande wa pili wa njia, mbali iwezekanavyo, kama anavyopita mama mkwe yeyote.

Nikabaki nimetazama bati. Uso ulikuwa unawaka.

"Mzee, songa!" mtu akapiga kelele nyuma yangu kwenye foleni. "Sisi wengine tunaenda kazi."

"Nasonga," nikasema, na nikasonga.